Ukuta Uliochanua

Nchi ya Chanuni haimo katika ramani zinazotundikwa madarasani, na mwenye kutaka kuifuata kwa ramani asipoteze nauli yake. Mzee Semkiwa aliifikia kama alivyofikia nchi nyingine nyingi maishani mwake, yaani kwa miguu, na kwa kutosikia alipoambiwa apumzike. Njia yake hatutaisimulia. Njia ni vumbi na mawe, kila mtu anaijua. Tuanzie langoni.

Langoni alikaa askari mnene akimenya chungwa. Semkiwa alikuwa na harara, vile vipele vyekundu vinavyomtoka mtu aliyetembea juani bila kuoga, vimemjaa shingo nzima, na kwa aibu alikuwa amevifunga leso. Alipoinama kuweka mzigo chini, leso ikateleza. Askari akaliacha chungwa lake, akasimama wima, akapiga saluti.

"Karibu, mzee wangu," akasema. "Kumbe umechanua."

Semkiwa alidhani anatukanwa. "Nimefanya nini?"

"Umechanua shingoni. Tangu alfajiri wamepita hapa matajiri na wasomi, hakuna aliyechanua hata mmoja. Pita kivulini, baba. Mbona unafunga tena hiyo leso? Kwenu mnaficha?"

"Kwetu tunapaka dawa."

"Dawa hata sisi tunayo. Lakini kwanza mtu anaangaliwa."

Basi akaangaliwa. Aliitwa mwanamke mmoja wa makamo, Tabibu Zamoyoni, mwenye miwani iliyofungwa uzi kwenye sikio moja. Hakumuuliza panapowasha. Alimuuliza amelala wapi, amekunywa maji ya kisima gani, shati lake lilifuliwa lini na kwa sabuni ipi, na kama kuna jambo linalomkera moyoni. Semkiwa alikuwa ametibiwa katika nchi nyingi, mara nyingine na watu waliokuwa wakitazama saa. Hakukumbuka kuulizwa maswali kama hayo hata siku moja. Mwishoni Zamoyoni alimpa unga mweupe wa kupaka na kumwambia, "Ngozi yako imesema kweli. Sasa mpe maji huyo aliye ndani."

Pole pole mgeni alianza kuelewa. Watu wa Chanuni wana neno moja, mchanuo, na wanalitumia mahali ambapo sisi tungetumia maneno yasiyojuana kabisa. Ua likifunguka, ni mchanuo. Ukuta ukitoa ule unga mweupe wa chumvi baada ya mvua, ni mchanuo vilevile; na jiwe la chumvi likiachwa wazi chupani mpaka likakauka na kuvaa vumbi lake, nalo limechanua. Mtoto akitokwa na vipele vya surua, majirani huja kumwona na uji. Na zikija zama ambazo nyimbo, nakshi za milango, elimu ya nyota na namna mpya za kupika zinatokea zote kwa pamoja bila mtu kuziamuru, wazee husema nchi imechanua, na mtu aliyezaliwa katika zama hizo hutembea kifua mbele mpaka anazikwa.

"Kwetu vitu hivi havijawahi kukaa sebule moja," Semkiwa alimwambia Zamoyoni.

"Huku vimekaa, na vinaelewana," akajibu tabibu. "Kilichokuwa ndani kimejitokeza nje chenyewe, hakuna aliyekivuta. Jambo kama hilo unalipita vipi bila kusimama?"

Semkiwa aliipenda nchi ile kuanzia hapo. Aliona vijana wenye chunusi wakipishwa barabarani. Aliona mzee mmoja amesimama mbele ya ua la boga akilitazama, na watu nyuma yake wakisubiri kwa adabu amalize, mkokoteni wa makaa umesimama, punda amesimama. Ni kweli kwamba upuuzi nao ulikuwepo. Tajiri mmoja alikamatwa akiurushia ukuta wake maji ya bahari alfajiri ili aonekane amechanua, akahukumiwa kula chakula kisicho na chumvi mbele ya nyumba yake. Lakini Semkiwa alikuwa amepita katika nchi ambazo watu hufutilia mbali kila kinachojitokeza kabla hakijasema jina lake, na upuuzi wa Chanuni aliuona kuwa wa watu wenye moyo.

Alipangiwa kulala kwa Bi Mwanaheri, mjane aliyeoka mikate ya mofa kwa unga wa mtama. Nyumba yake ilikuwa nyembamba, imeegemea bustani ya serikali kwa nyuma, na tanuri lake lilijengwa ndani ya ukuta huohuo wa nyuma, hata usingeweza kusema tanuri linaishia wapi na ukuta unaanzia wapi. Marehemu mumewe ndiye aliyelijenga. Alikuwa ameukanda udongo kwa miguu yake na kuukosea mara nyingi, akabomoa, akajenga tena, mpaka akapata tanuri lisilounguza mkate upande mmoja. Mtaa mzima ulikula mkate wa tanuri hilo. Bi Mwanaheri alikuwa na ulimi mkali, na wateja walikuja kwa mkate na kwa ulimi pia.

"Wewe juzi uliniambia mkate wangu mgumu," alimwambia kijana mmoja dirishani. "Leo umefuata nini?"

"Nimefuata ule mgumu, shangazi. Mke wangu ameusifia."

"Mke wako ana meno. Shika."

Pembeni mwa tanuri palitundikwa mkeka mkubwa wa ukindu, wenye mistari myekundu na ya zambarau, kutoka darini mpaka sakafuni. Semkiwa aliona ni ajabu mkeka mzuri kama ule kuning'inia ukutani wakati watu wanakaa kwenye vigoda, lakini hakuuliza. Ndiyo kwanza alikuwa amefika.

Msimamizi wa michanuo yote ya nchi aliitwa Mkuu Dihenga. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya mtu aliyekulia karibu na wagonjwa. Aliposikia kuna msafiri mzee mjini, alikuja mwenyewe kumchukua akamtembeze katika Jumba la Kuta. Ndani ya jumba hilo zimehifadhiwa nyumba nzima nzima zilizowahi kuchanua, zimejengewa paa moja kubwa juu yake. Watumishi wake wamejifunga vitambaa mdomoni ili pumzi zisiangushe ule unga, na wageni hunong'ona.

"Huu ulichanua zama za babu zangu," alinong'ona Dihenga mbele ya ukuta uliovaa weupe kama manyoya ya bata. "Wakati huo tulikuwa na watunzi wa nyimbo kila mtaa. Walikuwa wanagombana kwa beti."

Semkiwa aliutazama kwa kweli. Ule unga ulikuwa umesimama juu ya ukuta kwa nyuzi nyembamba zilizojikunja, na mwanga wa dirishani ulipita ndani yake. Alikuwa ameona chumvi ya ukutani maisha yake yote na hakuwahi kujua kwamba ni nzuri.

"Na huu?" akauliza, akionyesha lundo la mawe na vumbi lililozungushiwa kamba nyekundu.

"Huo umemaliza kuchanua."

"Mkuu, huo umeanguka."

"Ndivyo wageni wanavyosema," akajibu Dihenga bila kuudhika. Malundo ya namna hiyo, yenye kamba nyekundu, yalikuwa mengi kuliko kuta.

"Na waliokuwa wakikaa ndani?"

"Familia zilizobahatika. Nyumba ikishachanua huwa ya watu wote. Moto huzimwa, mwenyewe huhamishwa kwa ngoma na heshima, na hakuna mkono unaogusa ukuta tena. Tuliwapa nyumba mpya huko kilimani." Akashusha sauti zaidi, kwa huruma. "Kuta za huko hazijawahi kutoa kitu."

Akaeleza kwamba hakuna ukuta unaochukuliwa hivihivi. Huja mabenchi manne, la Maua, la Chumvi, la Ngozi na la Zama, na hukaa mbele ya mchanuo kuujadili. Sheria inasema neno la kwanza la mabenchi liwe ni kutaja mchanuo umetoka wapi, na neno la mwisho liwe la mwenye ukuta.

"Sheria nzuri," alisema Semkiwa. "Na husema umetoka wapi?"

Dihenga akafikiri. "Siku hizi tunaanza na ngoma."

Walipotoka nje akamwonyesha mlangilangi, mti wa maua ya kunukia, uliosimama katikati ya bustani ya serikali. Aliupanda kwa mkono wake siku aliyokabidhiwa ukuu, maana kila Mkuu hupanda mti, na ua lake la kwanza ndilo huhesabiwa kuwa mwanzo wa zama zake. Mti ulikuwa mnene na wa kijani kupita kiasi, majani makubwa kama sinia. Haukuwa na hata tumba moja. Mtunza bustani, Bwana Kiyungi, mkuu wa benchi la Maua, alikuwa akiumwagilia ndoo juu ya ndoo.

"Katika zama zangu hakijachanua kitu," alisema Dihenga. Hakulalamika. Alisema kama mtu anayekuambia hakujaliwa watoto. Semkiwa alimpenda hapo hapo, na pengine ndiyo sababu alifanya alichofanya.

Maana wakiwa njiani kurudi alimwalika aonje mkate wa mofa. Dihenga akakubali. Bi Mwanaheri alikuwa kisimani. Vigoda vilikuwa vichafu kwa unga, na Semkiwa, aliyelelewa katika mji ambao mgeni wa heshima hakai kwenye kigoda kichafu, akatazama huku na huku, akauona ule mkeka wa ukindu. Akautungua, akaukung'uta, akamtandikia Mkuu.

Dihenga hakukaa. Alikuwa anatazama ukuta.

Ukuta mzima, kuanzia tanuri mpaka pembeni, ulikuwa umevaa weupe. Si ule weupe mchache wa baada ya mvua. Ulikuwa umefumuka kama pamba iliyopasuka, tabaka juu ya tabaka, na kwa joto la tanuri ncha zake zilikuwa zikitetemeka.

Mkuu Dihenga alivua kofia. Machozi yalimtoka. "Zama zangu," akasema, akapiga magoti.

Bi Mwanaheri alirudi na ndoo kichwani akamkuta mgeni wake amesimama na mkeka mikononi, na Mkuu wa nchi amepiga magoti jikoni kwake. Akatua ndoo pole pole. Akangoja mpaka Dihenga alipotoka kwenda kuita mabenchi, akiwa ameagiza kwa upole kwamba moto wa tanuri uzimwe.

"Mkeka ule, mzee wangu," akasema, "haukuwa wa kukalia."

"Sikujua, mama. Nilitaka kumkirimu mtu."

"Umemkirimu. Umempa nyumba yangu." Akaanza kuvuta kuni kutoka kwenye tanuri moja moja, akizichovya majini. "Watanipigia ngoma mpaka kilimani. Watanipa jiko la serikali lenye bomba la moshi. Na tanuri hili litakaa hapa limepoa, watu wameziba midomo, mpaka ukuta uanguke. Kisha watalizungushia kamba."

"Tuufute sasa hivi."

"Nani aufute? Mimi?" Akamgeukia kwa hasira ya kweli. "Unadhani nimeuficha kwa sababu siuheshimu? Kila asubuhi kabla sijawasha moto naunyanyua mkeka, nautazama. Ni kitu kizuri sana. Nyumbani kwangu sijawahi kuwa na kitu kizuri namna hiyo. Lakini mimi ndiye ninayelala karibu nao, na usiku nasikia mchanga ukidondoka ndani ya ukuta."

Semkiwa alichukua fagio akafagia sakafu tu, mbali na ukuta.

Kesho yake mabenchi yakaletwa. Ni mabenchi kweli, ya mbao, na wenyewe huyabeba kichwani, maana Chanuni mtu mkubwa hukaa juu ya alichokibeba. Mtaa mzima ulijazana mlangoni na dirishani. Wapiga ngoma walikuwa wameshakaza ngozi zao juani. Dihenga alikaa kwenye benchi la Zama akiwa amevaa joho jipya, na alipoinua mkono ngoma ianze, Tabibu Zamoyoni akasimama.

"Mkuu, kwetu benchi la Ngozi mgonjwa hatumpigii ngoma kabla hatujamuuliza. Sheria inasema neno la kwanza ni umetoka wapi."

"Huyu si mgonjwa, tabibu. Huyu ni mchanuo."

"Hata surua ni mchanuo, na vipele vikitoka vizuri tunafurahi, tunasema afadhali vimetoka. Lakini hatumweki mtoto kwenye Jumba tukazima jiko la mama yake. Tunauliza ndani kuna nini."

Watu wakacheka, na Dihenga naye, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, akashusha mkono. Ngoma zikangoja.

Zamu ikawa ya benchi la Chumvi, yaani ya Mzee Ngoda. Mzee huyu hakuwa na jino hata moja, na ulimi wake ulihesabiwa kuwa mali ya nchi. Alikatazwa chai ya moto na pilipili tangu ujana wake. Kwa kuwa mchanuo haugusiki, ilimbidi angoje punje ianguke yenyewe. Alikinga kiganja chini ya ukuta. Mtu mmoja dirishani akapiga chafya, akatazamwa na mtaa mzima mpaka akaondoka. Mwishowe kipande kama unyoya kikadondoka, Mzee Ngoda akakilamba, akafumba macho.

"Si chumvi ya mawe," akasema. "Wala si ya chokaa. Inaupoza ulimi kama maji ya mtungi. Hii ni shura, ile chumvi ya kutengenezea baruti."

"Shura hutoka wapi?" akauliza Zamoyoni.

"Penye samadi nyingi na maji mengi. Mazizini. Kwenye mabanda ya mbuzi."

"Bi Mwanaheri, unafuga mbuzi?" akauliza mtu mmoja.

"Nafuga paka, naye ametoroka kwa kelele zenu."

Vicheko vikapita, vikaisha. Semkiwa aliyekuwa amesimama karibu na mlango aliona kitu ambacho wengine hawakukiona kwanza: Bwana Kiyungi wa benchi la Maua alikuwa akiitazama mikono yake mwenyewe, kucha nyeusi kwa udongo. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyekuwa akimwangalia.

"Samadi ni yangu," akasema Kiyungi.

Akaeleza kwa sauti ndogo. Mlangilangi wa Mkuu uko nyuma kabisa ya ukuta huo. Ameupa samadi miaka yote, na maji asubuhi na jioni, na ulipokataa kutoa ua akaongeza. "Maji yote yale nilifikiri mti unakunywa. Kumbe yanapita chini, yanaingia kwa Bi Mwanaheri, na joto la tanuri linayavuta yatoke huku. Tulichokuwa tukikisubiri kwenye mti kimechanua jikoni kwa mtu."

"Mimi ndiye niliyekuambia uongeze," akasema Dihenga.

"Uliniambia, nami nikaongeza. Mti unaoshiba samadi hutoa majani tu, kila mtunza bustani anajua. Sikukuambia."

"Kwa nini, Kiyungi?"

"Ulikuwa unakuja kuutazama kila asubuhi, Mkuu. Ungefika siku moja ukute sijaumwagilia, ningekuambia nini?"

Semkiwa alikuwa amekaa katika mabaraza ya nchi nyingi, mengine yenye zulia na feni, na alikuwa ameona wakubwa wakigundua kosa lao. Kwa kawaida hapo ndipo kinapoahirishwa kikao. Alingoja aone Chanuni watafanyaje.

Kwanza Dihenga alifanya kama wakubwa wote. Uso wake ukang'aa ghafla. "Lakini basi," akasema, "maji ni ya bustani, samadi ni ya bustani. Mchanuo huu ni wa bustani ya serikali. Zama zimechanua, ndugu zangu, ila zimechanulia hapa. Ukuta ni sahani tu."

Wapiga ngoma wakainua vijiti. Bi Mwanaheri akafumba macho.

"Mkuu," akasema Zamoyoni, bila kusimama safari hii, "mtoto wa jirani akimwambukiza wangu surua, jirani haji kudai ngozi ya mwanangu."

Kicheko kilichotoka hapo kilianzia dirishani, kikaingia ndani, kikawafikia hata wapiga ngoma. Dihenga peke yake hakucheka. Alibaki amelitazama joho lake jipya.

"Neno la mwisho ni la mwenye ukuta," akasema hatimaye. Zamani za karibuni neno hilo lilikuwa limetumika kushukuru tu.

Bi Mwanaheri akafuta mikono kwenye kanga. "Sina maneno mengi. Nimeuficha, hilo ni kosa langu, nihukumuni. Nilijua mtauheshimu, na heshima yenu ninaijua inavyoishia. Nimekwenda Jumbani, nimeona kamba nyekundu. Ukuta huu una maji ndani. Mkiuacha utaanguka, na mimi na nyinyi tutakuwa tumeupoteza. Nakuomba kitu kimoja, Mkuu. Maji ya bustani yasimame, na tanuri niliwashe. Kama mchanuo huu ni wa zama zako kweli, utabaki bila kunyweshwa. Ukiisha, basi ulikuwa ni uvujaji, na mimi nitaendelea kuoka."

Dihenga akamgeukia Kiyungi. "Mti utakufa?"

"Sidhani utakufa. Utaona kiu. Zaidi ya hapo sijui, Mkuu, na safari hii nakuambia kwamba sijui."

Hapo ndipo Semkiwa alipoona kitu alichokuja kukisimulia kila alikokwenda baadaye. Mkuu wa nchi, aliyesubiri maisha yake yote kitu kimoja na kukipata jana, alikaa mbele ya ukuta akakitazama muda mrefu, kwa mapenzi, kama mtu anayekariri. Kisha akasema, "Fungeni maji," akabeba benchi lake kichwani, akatoka.

Tanuri likawashwa. Na jambo la kwanza lililotokea liliwatisha wote: ukuta ukachanua zaidi. Weupe ukatambaa mpaka juu ya mlango, mzito, unaometameta, na watu wakaanza kunong'ona kwamba Mkuu alikuwa sahihi na ngoma ziitwe. Bi Mwanaheri akaoka akiwa ameuma meno. Ikabidi Mzee Ngoda aje na ulimi wake. Akalamba, akatulia, akasema ni maji ya mwisho hayo yanaaga, yanatoka na kila yalichokuwa yamekibeba. Kweli ukafika wakati ule unga ukaacha kuota. Ukakauka, ukawa vumbi jepesi, ukaanza kudondoka wenyewe sakafuni bila kuguswa na mtu.

Mabenchi yakarudi, safari hii bila ngoma, yakasema mchanuo umekwisha. Watu wakapita mmoja mmoja kuuaga. Kisha Bi Mwanaheri akachukua brashi kavu akausugua ukuta kuanzia juu, na Semkiwa akafagia alipomwelekeza. Chini yake palikuwa na plasta iliyoliwa, mashimo kama ya ndui. Kiyungi alileta udongo akaja kuziba mwenyewe, na alikaripiwa kwa kukanda vibaya.

Mlangilangi ulipukutisha majani mengi na kubaki umekondeana. Semkiwa alikwenda kuutazama kabla ya kuondoka. Hakuona tumba. Hilo tuliseme kama lilivyo.

Asubuhi aliyofunga mzigo wake, foleni ya mkate ilikuwa imefika kona ya mtaa, na mtu wa mwisho katika foleni alikuwa Dihenga, amevaa shati la kawaida. Watu walitaka kumpisha, akakataa. Alipofika dirishani alichungulia ndani. Ukuta ulikuwa wa kahawia, wenye viraka, hauna kitu.

"Siku moja ukitoka tena?" akauliza.

"Ukitoka nitakuita uje uutazame, Mkuu. Utautazama utosheke. Halafu tutatafuta maji yanaingilia wapi."

Dihenga akaitikia kwa kichwa. Akasimama bado, mikono mitupu, na nyuma yake hapakuwa na mtu wa kumharakisha.

"Wataandika kwamba zama zangu hazikuchanua," akasema.

Bi Mwanaheri alikuwa ameinamia tanuri, uso mwekundu kwa moto. Akachomoa mkate, akaupangusa vumbi la majivu, akaufunga kwenye jani la mgomba.

"Wataandika wakiwa wameshiba," akasema. "Shika. Una moto huo, usijiunguze."